Ultrasaundi haitumii mionzi

Ujumbe unaodai kwamba ultrasaundi humchoma mtoto tumboni kwa mionzi si wa kweli, na tafadhali usiusambaze, kwa maana unaweza kumfanya mjamzito akwepe kipimo anachokihitaji. Kifaa anachoshika mpimaji kina fuwele zinazotetema na kutoa mawimbi ya sauti, aghalabu ya megahezi 2 hadi 18 (yaani mitetemo milioni 2 hadi 18 kwa sekunde), ilhali sikio la binadamu huishia takriban kilohezi 20 (mitetemo 20,000 kwa sekunde). Mwangwi unaorudi ndio unaogeuzwa kuwa picha, na ile jeli ya ubaridi huondoa hewa inayozuia sauti kupenya. Angalia mwenyewe: mpiga eksirei, ambayo ndiyo hutumia mionzi, husimama nyuma ya kinga, lakini mpimaji wa ultrasaundi huketi kando ya mama. Mkanganyiko huu unaeleweka, kwani mara nyingi vipimo vyote viwili hufanyika katika idara moja na huitwa “picha”.