Nusumaisha: kwa nini sesiamu ya Chernobyl haitaisha mwaka 2046

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Moshi aliniletea hesabu iliyokuwa imemtuliza moyo. Nusumaisha ya sesiamu-137, mojawapo ya vitu vinavyotoa mionzi vilivyotawanywa na ajali ya Chernobyl, ni miaka 30. Kinu cha nyuklia namba 4 cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka tarehe 26 Aprili 1986. Basi nusu iliisha 2016, na nusu iliyobaki itaisha 2046. "Si ndiyo, mwalimu?"

Sivyo, na kosa hilo nimelisikia hata kwa watu wazima waliosoma. Nusumaisha ni muda ambao nusu ya atomi nururifu zilizopo huvunjika na kugeuka kitu kingine, huku zikitoa mionzi. Kipindi cha pili kikianza, hazimalizwi zilizobaki; hukatwa nusu yake tu. Kwa hiyo 2046 itabaki robo, na 2076 itabaki thumni. Kufikia sehemu moja kati ya elfu moja huchukua vipindi kumi hivi, yaani miaka 300. Iodini-131, ambayo nusumaisha yake ni siku 8, hufika hapo kwa siku 80. Plutoniamu-239 ina nusumaisha ya miaka 24,100, na hesabu hiyo sikumfanyisha.

Watu pia huchanganya mionzi na kitu kinachoitoa. Ukipigwa picha ya eksirei hospitalini, mionzi inapita, mashine ikizimwa imekwisha, na hutoki na chochote mwilini. Kinu kikipasuka, kinachotawanyika ni vumbi na mvuke wenye atomi zinazoendelea kutoa mionzi popote zitakapotua: kwenye paa, kwenye nyasi, ndani ya mapafu. Moto hauziui. Maziwa ukiyachemsha unaua vijidudu, lakini sesiamu inabaki vilevile.

Sasa fikiria kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga. Ng'ombe yuko bandani, analetewa majani na vigogo vya migomba. Samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba, mgomba unakua, na ng'ombe analishwa tena. Hakuna kinachopotea, na ndiyo sababu vihamba vya Wachaga vimelisha vizazi na vizazi. Misitu ya Ukraine na Belarus inafanya vivyo hivyo na sesiamu. Kikemia sesiamu inafanana na potasiamu, ile iliyojaa kwenye ndizi, kwa hiyo mizizi huinyonya. Majani yanaanguka, yanaoza, uyoga na mizizi vinaichukua tena. Mvua haiisombi upesi kama tunavyodhani. Kwenye udongo wenye mfinyanzi mwingi hunaswa na mmea hupata kidogo. Kwenye udongo wa mboji, wenye asidi, huzunguka miaka mingi. Ndiyo maana huko Wales, Uingereza, maelfu ya kilomita kutoka Chernobyl, vizuizi vya kuuza kondoo wa baadhi ya mashamba ya milimani viliondolewa 2012, miaka 26 baada ya ajali. Japani, baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, ilibidi waparue udongo wa juu wa mashamba na kuutia kwenye mifuko. Kwa mkulima, huo udongo wa juu ndio shamba lenyewe, na mimi nikiiwaza mifuko ile huumia.

Mwili nao hudanganyika. Strontiamu-90, kitu kingine nururifu, hufanana na kalsiamu, ikaingia mifupani. Iodini hukimbilia tezi ya shingo, ambayo haiwezi kutofautisha iodini nururifu na ya kawaida. Sisi wa milimani tunaijua tezi hiyo kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa shingo, na tunajua kwa nini chumvi hutiwa madini joto, yaani iodini. Tezi yenye njaa ya madini joto huidaka iodini-131 kwa pupa zaidi. Nchi zilizozunguka Chernobyl zilikuwa na maeneo yenye upungufu huo. Ng'ombe walikula nyasi zilizoangukiwa, watoto wakanywa maziwa, na maelfu ya watoto hao baadaye walipata saratani ya tezi. Iodini yenyewe ilikuwa imeisha kabla ya mwaka kwisha. Laiti wangezuiwa kunywa maziwa hayo kwa wiki chache tu! Yangeweza kukaushwa kuwa unga, yakahifadhiwa miezi mitatu hivi, iodini ikajiishia yenyewe.

Kijana akauliza jambo la maana: kama ndizi ina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hutoa mionzi kiasili, mpimaji atajuaje kama mionzi anayoiona ni ya potasiamu hiyo au ya sesiamu? Jibu liko Njiro, Arusha, kwenye maabara ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania inakopimwa mionzi kwenye vyakula. Kila aina ya atomi nururifu hutoa mionzi ya nguvu yake maalumu. Sampuli ya unga wa maziwa huwekwa ndani ya kasha zito la madini ya risasi ili kuzuia mionzi ya nje, kisha kifaa huhesabu: potasiamu hujionyesha mahali pake, na sesiamu, kama ipo, mahali pake.