Je, wajua kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hubonyezaje kipengee cha menyu ambacho bado hakipo?

Chukua programu ya kuhariri sauti. Amri ya kupunguza kelele imejificha kwenye menyu ya Athari, ndani ya menyu ndogo, katikati ya majina thelathini na ushee, tena haina njia ya mkato ya kibodi. Anayeona hupeleka kipanya, akabofya, akamaliza. Asiyeona hufanya kazi kwa kusikiliza: anabonyeza Alt, anasikia "Faili", anagonga mshale wa kulia mara sita au saba, anashuka, anasikia jina, anashuka tena, anasikia jina jingine. Akiwa na rekodi arobaini za kusafisha, safari hiyo ni mara arobaini.

Ndiyo maana watu huandika skripti, yaani kijiprogramu kinachokaa ndani ya kisoma skrini na kuimaliza safari yote kwa mbonyezo mmoja. Kisoma skrini kiitwacho JAWS kina lugha yake ya skripti. NVDA, kisoma skrini ambacho Michael Curran alikianza mwaka 2006 na ambacho hutolewa bure, hutumia lugha ya programu iitwayo Python. Ukiandika nyongeza kwa ajili ya programu fulani, faili lako unalipa jina la programu hiyo, na NVDA hulipakia pale tu programu yenyewe inapokuwa inaendeshwa. Orca, kisoma skrini cha Linux, nayo imeandikwa kwa Python, na kwenye Mac watu hutegemea AppleScript, lugha ya skripti ya Apple.

Ukielezwa hivyo kazi yaonekana nyepesi: tafuta jina, bonyeza. Tabu ni kwamba unapoanza kutafuta, mara nyingi hicho unachokitafuta hakijazaliwa.

Kwanza tuelewane kisoma skrini "kinaona" nini, maana wengi hudhani kinasoma picha ya skrini. Enzi za DOS kazi ilikuwa rahisi, kwa kuwa herufi zilizoko kwenye kioo zilikuwa vilevile kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Windows ilipokuja, kila kitu kikawa mchoro, na visoma skrini vikalazimika kuzidukua amri za uchoraji zilipokuwa zikipita na kujitungia ramani ya nini kimeandikwa wapi. Mwaka 1997 Microsoft ikatoa mfumo uitwao MSAA, na baadaye mwingine, UI Automation. Tangu hapo programu yenyewe hujieleza: hapa pana dirisha, ndani yake upau wa menyu, ndani ya upau kuna vipengee, na kila kimoja kina jina, kazi yake, hali yake na tendo linaloweza kufanywa juu yake. Ni mti, wenye shina na matawi. Kisoma skrini hupanda na kushuka kwenye mti huo, na skripti hupitia humo humo.

Wanaoanza kuandika skripti huwa hawaugusi mti. Huigiza vidole tu: tuma Alt, tuma mshale wa kulia mara saba, wa chini mara tano, kisha Enter. Leo inafanya kazi. Kesho programu inaongeza athari moja mpya juu ya ile unayoitaka, na mshale wa tano unatua kwa jirani. Hatari zaidi ni menyu ya Faili, ambayo programu nyingi huweka humo orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni. Orodha hiyo hurefuka na kufupika kila siku, kwa hiyo skripti iliyozoea kuhesabu inaweza kufungua barua ya mwezi uliopita badala ya kuhifadhi hii ya leo. Kisha kuna suala la kasi. Skripti hutuma vitufe haraka kuliko menyu inavyoweza kufunguka, na mshale uliokusudiwa kwa menyu ukaishia kwenye maandishi yako. Dawa ya wengi ni kuiambia skripti isubiri nusu sekunde. Mimi siipendi dawa hiyo. Kwenye kompyuta nzima nusu sekunde ni kuchelewa bure, na kwenye kompyuta iliyochoka haitoshi.

Basi tuutafute mti. Kwa NVDA, kiini cha skripti kinaweza kuwa kifupi hivi:

from controlTypes import Role

def safisha(jina):
    return (jina or "").split("\t")[0].rstrip("…. ")

def tafuta(shina, jina):
    for kitu in shina.recursiveDescendants:
        if kitu.role == Role.MENUITEM and safisha(kitu.name) == jina:
            return kitu

Tafsiri yake: shika shina, pitia kila kilicho chini yake, na ukikuta kipengee cha menyu chenye jina hili, nirudishie. Kikipatikana, unakiamuru kwa doAction(). Ukiijaribu kwa kutafuta "Faili" itakujibu papo hapo, kwa sababu Faili iko kwenye upau wazi. Ukitafuta "Punguza kelele" itarudi mikono mitupu.

Haijakosea. Kwenye menyu za asili za Windows, ile orodha inayoshuka ni dirisha la peke yake, la aina iitwayo #32768, na huundwa wakati menyu inapofunguliwa. Zaidi ya hapo, sekunde ya mwisho kabla orodha haijaonekana, Windows huipelekea programu ujumbe uitwao WM_INITMENUPOPUP: menyu inafunguka, jiandae. Hapo ndipo programu huamua ni vipengee gani viwe na kijivu kwa kuwa havitumiki sasa, kipi kiwekewe alama ya tiki, na faili zipi za karibuni ziorodheshwe. Kwa hiyo anayeuliza kabla ya ujumbe huo anauliza chakula ambacho hakijapakuliwa.

Skripti yenye akili huenda ngazi kwa ngazi. Inatafuta Athari kwenye upau, inaifungua, halafu inatega sikio. Mfumo hutangaza tukio kila menyu inapofunguka, na kisoma skrini hulisikia. Likifika, skripti inatafuta tawi linalofuata ndani ya orodha iliyozaliwa muda huo, inalifungua, inatega tena. Hakuna kuhesabu mishale wala kukisia sekunde. Unaweka kikomo cha kusubiri tu, ili menyu isiyofunguka isiiache skripti imeduwaa.

Sasa tazama ile safisha kwenye msimbo, maana hapo ndipo nimeona watu wakipoteza jioni nzima. Jina unalolisikia si lazima liwe jina lililoandikwa. Kipengee kinachosomwa "Hifadhi" kinaweza kuwa kimehifadhiwa kama "Hifadhi", kisha herufi ya tabo, kisha "Ctrl+S", vyote katika jina moja. Ukilisoma jina moja kwa moja kutoka kwenye rasilimali za programu ya Windows utakuta pia alama ya & mbele ya herufi inayopigiwa mstari. Halafu kuna vidoti vitatu vya mwisho, vile vya "Hifadhi kama…", ambavyo humwambia mtumiaji kwamba ataulizwa kitu kabla amri haijatekelezwa. Programu nyingi za Windows huandika nukta tatu. Apple hutumia herufi moja tu yenye sura ya nukta tatu. Kwa jicho hazitofautiani, kwa sikio wala hutasikia kitu, lakini kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti na skripti itakuapia kwamba kipengee hicho hakipo.

Lugha ni kisa kingine. Skripti inayotafuta "Faili" hufa siku mtu anapobadili lugha ya programu. Njia moja ya kulikwepa jina ni namba: kwenye menyu za asili za Windows kila amri ina namba yake, na unaweza kuutuma ujumbe WM_COMMAND wenye namba hiyo, programu ikatenda bila menyu kufunguliwa kabisa. Ni njia ya kasi ajabu, lakini inaruka lango la ukaguzi. Kile kipengee ambacho kingekuwa kijivu hakijapata nafasi ya kuwa kijivu, na programu isiyojilinda itatekeleza amri wakati usiofaa. Namba zenyewe zaweza kubadilika toleo jipya likitoka. Na programu zinazojichorea menyu zake, ambazo siku hizi ni nyingi, hazina namba hizo kabisa.

Mac ina nafuu hapa. Upau wa menyu uko juu ya skrini kwa programu zote na kwa kawaida mti wake huweza kupitiwa wote bila kufungua chochote.

Tuseme kipengee kimepatikana na si kijivu. Unakiamuru, kidirisha cha mipangilio kinafunguka, na kisoma skrini kinanyamaza kimya. Kwa baadhi ya programu, aliyetoa amri hujibiwa tu kidirisha kikishafungwa. Lakini aliyetoa amri ni kisoma skrini chenyewe, yaani sauti ambayo mtumiaji anaihitaji ili akione hicho kidirisha na kukifunga. Wanangojeana. Anayeona angeshtukia, asiyeona anabaki na kompyuta bubu. Kwa hiyo amri ya mwisho hutumwa kwa namna isiyongoja jibu, ama kwa uzi wa pembeni (kazi inayoendeshwa sambamba na nyingine), ama kwa kupeleka Enter moja baada ya kipengee kuchaguliwa. Naam, kule kuigiza vidole tulikokukataa mwanzoni kunarudi kwa mlango wa nyuma, safari hii kwa hatua moja tu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni maneno. Menyu zinapofunguka njiani, kisoma skrini hutaka kuzitangaza zote, na mtumiaji akasikia mlolongo wa "Athari, menyu ndogo, Kelele" kabla ya kufika. Skripti huizima sauti njiani na kuirudisha mwishoni. Ikikuta kipengee kijivu, iseme "haipatikani sasa" na kuzifunga menyu ilizozifungua, kwa sababu menyu iliyoachwa wazi itayameza maandishi yanayofuata. Ninaona heri mtu asiwe na skripti kuliko awe na inayoshindwa kimyakimya.

Mwaka 2007 ulikuwa na kichekesho chake. Office ya mwaka huo iliziondoa menyu katika programu zake kuu na kuweka utepe, na skripti zilizotegemea menyu za zamani zikabaki yatima. Mwaka huohuo, Mac OS X Leopard ikaja na kisanduku ndani ya menyu ya Usaidizi: andika sehemu ya jina la amri, orodha inatokea, bonyeza Enter. Office nayo baadaye ikaongeza kisanduku cha namna hiyo, kinachofikiwa kwa Alt+Q. Waandishi wa skripti walikitambua mara moja.