Omena hawajaenda Uganda, jameni

Jana tena. Mama mmoja wa soko la Kibuye, Kisumu, ninayemuuzia kanipigia simu, nikamwambia wiki hii mzigo ni kidogo kwa sababu mwezi umejaa, akacheka akasema "najua, mwezi ukitoka si hao samaki hukimbilia Uganda." Na huyu si mgeni wa hii biashara, ameuza omena, hawa dagaa wetu wa Ziwa Victoria, kabla mimi sijajua kushika kasia. Hiyo stori nimeisikia kwa wateja, kwa matatu ya Bondo, hadi kwa kijana wa boti yangu mwenyewe ambaye kila usiku anakaa juu ya hao hao samaki. Kwa hivyo leo naandika, nikiulizwa tena natuma linki naendelea na chai yangu.

Omena hawaendi popote. Mchana wanakaa chini, jua likizama wanapanda juu wakifuata vidudu vidogo vya majini ambavyo pia hupanda usiku, alfajiri wanarudi chini. Hiyo safari yao ni ya chini na juu, si ya kuvuka mpaka, na ziwa ni lile lile. Kinachopungua mwezi ukijaa ni nguvu ya taa zangu.

Maana sisi hatuwafuati omena, tunawaita. Unateremsha maboya yako yenye taa, zamani ilikuwa karabai ya mafuta ya taa, siku hizi wengi ni LED za betri na sola, unayaacha yametengana kwa maji halafu unangoja. Kwanza wanakuja wadudu wa kuruka, wanagonga taa wanaanguka. Baadaye ukiinama unaona vimulimuli vya fedha chini ya taa vikizunguka upande mmoja, vinaongezeka, vinaongezeka, mpaka maji yanaanza kurushwa vitone vitone juu na mvua hakuna. Hapo unavuta taa polepole, na nikisema polepole namaanisha polepole, ukiharakisha wanabaki nyuma na wewe unavuta taa tupu, unazileta pamoja, wavu unazunguka, mnavuta. Basi.

Sasa hiyo kazi yote inategemea giza la pembeni. Washa tochi saa saba mchana katikati ya soko uone ni nani atageuza shingo. Mwezi mpevu ukiwa juu ziwa zima lina mwanga, omena wametawanyika wanakula wanapotaka, taa yako inavuta wale tu waliokuwa hapo karibu. Unazungusha wavu ule ule unapata beseni haijajaa na petroli ya injini imekwisha.

Mpaka hapo watu wengi tunaelewana. Penye wananimaliza ni hapa: mtu anagawanya mwezi katikati, wiki mbili za giza, wiki mbili za mwezi, na hizo mbili za mwezi anaanika nyavu anaenda nyumbani. Omera, ndugu yangu, nani alikwambia ni wiki mbili?

Mwezi ukiwa nusu hautoi nusu ya mwanga wa mwezi mpevu. Unatoa kama sehemu moja ya kumi. Rudia kuisoma hiyo. Jicho linaona nusu duara linafikiria nusu mwanga, lakini wakati huo jua linaupiga mwezi kutoka ubavuni, kila jiwe na kila shimo kule linatupa kivuli, mwanga unaotufikia huku ni kidogo sana. Ukiwa mpevu jua linaupiga usoni, vivuli vyote vinajificha, ndio mwanga unapanda ghafla siku zile chache za katikati. Kwa hivyo mwezi nusu si sababu ya kulala. Adui wako ni zile siku chache kabla na chache baada ya kujaa, zingine ni uvivu na hesabu mbaya.

Na hata hizo siku chache hazifanani, hii ndio inanifanya nipige kelele pale ufuoni. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kama dakika 50 hivi. Siku ya kujaa unatoka jua likizama, huna nafasi, kaa nyumbani. Lakini hesabu siku 3 baada ya hapo, unatoka karibu saa tatu usiku, siku 5 baadaye ni saa nne na nusu imepita. Giza linaingia vizuri saa moja na nusu, kwa hivyo tayari una masaa yako ya kazi, tena ya mwanzo wa usiku wakati omena ndio wanapanda. Na mwezi ukichomoza haujakuharibia saa hiyo hiyo, ukiwa bado chini kule mashariki, upande wa mto Nyando, mwanga wake mwingi unateleza juu ya maji hauingii ndani, unaongeza muda kidogo hapo. Upande wa kabla ya kujaa ni kinyume, mwezi upo kuanzia jioni na unazama usiku mkubwa, siku 3 kabla unazama kama saa kumi usiku, unabaki na kasaa kamoja hivi kabla ya mapambazuko. Sasa mtu anayepumzika siku sawa kabla na baada anafanya nini? Mimi huanza mapumziko mapema na kurudi mapema, na wale waliokuwa wananicheka sasa wananiuliza "leo unatoka saa ngapi."

Na mawingu je? Agosti huku mvua za jioni ni kawaida, wingu zito likifunika mwezi unapata giza la bure. Lakini wingu hilo hilo mara nyingi linakuja na upepo, na upepo na taa za kuelea hazisikizani. Sitaeleza zaidi, ukishaona mawimbi yamezima taa mbili utaelewa.

Kuna wanaosema dawa ni taa kubwa zaidi, uushinde mwezi. Huku ndani ya ghuba ya Winam sahau. Maji yetu ni ya tope, Nyando inamwaga udongo kila mvua ikinyesha, taa yako ya pesa nyingi inaangaza ukungu wa kahawia mita chache halafu imekwisha. Huko nje ya mkondo wa Rusinga, kwenye ziwa lenyewe, maji ni masafi zaidi, taa inafika mbali, lakini na mwezi pia unaingia mbali, kwa hivyo hujamshinda mtu.

Sasa niseme kitu ambacho kinanisumbua, maana nimeongea hapa na sauti ya mwalimu. Nimeweka yote juu ya taa, ila kuna wale wadudu wa ziwa, wale wanaotoka majini wingu zima linasimama juu ya ziwa hadi ukiwa ufuo wa Dunga unafikiri kuna moto. Kuna aina yao inayotoka kwa kufuata mwezi, wengi hutoka siku chache baada ya mwezi kuandama, na omena hula watoto wa hao wadudu wakiwa wanapanda juu ya maji. Kwa hivyo zile siku za giza omena wana chakula kingi juu pamoja na mimi kuwa na taa. Nikivua sana siku hizo ni taa au ni karamu? Siwezi kuvitenganisha nikiwa kwa boti, na anayekwambia ameshavitenganisha muulize alitumia wavu gani.

Hata hivyo, taa au chakula, Uganda haimo.

Nikikumbuka pia, hii ya kufungua msimu. Kwa sheria uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, Agosti 1 watu wote wanakimbilia ufuoni na magunia wakitarajia samaki wamejazana. Mwaka 2023 Agosti 1 ilikuwa siku yenyewe ya mwezi mpevu! Wanunuzi wanasimama kwa mchanga wakilalamika ati kufunga hakusaidii chochote, samaki wako wapi, na mwezi uko juu ya vichwa vyao mkubwa vile. Mwaka uliofuata Agosti 1 iliangukia giza, mwezi mpya ulikuwa tarehe 4, na hakuna aliyeniuliza kuhusu Uganda.

Kwa hivyo mama zangu wa Kibuye, bei ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ikipanda, kabla ya kunitukana angalieni mwezi unachomoza saa ngapi. Ukiwa unachomoza mkishalala, nipigieni, nitakuwa na mzigo. Mkija asubuhi njooni mapema na turubai, kwa sababu jua la Agosti halina ahadi, na omena akinyeshewa kabla hajakauka atanunuliwa na watu wa chakula cha kuku kwa bei yao.