Hela za kupambana na ugaidi Marekani, zinavyotoka Washington mpaka kituo cha polisi cha mtaani

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba nafanya kazi kwenye ruzuku za usalama huku Marekani wanadhani niko FBI. Hapana jamani, mi ni mtu wa mafaili, kazi yangu ni kuhakikisha kaunti ikinunua kitu cha kulipiwa na serikali kuu basi irudishiwe hela yake na oditi ipite. Ila kwa kukaa kwenye mafaili haya unajifunza mambo ambayo kwenye taarifa ya habari huyasikii, na juzi msikiti mmoja na kanisa moja la waswahili wameniuliza maswali yaleyale kuhusu ruzuku ya kamera, kwa hiyo acha nieleze yote kuanzia juu.

Kwanza sahau muundo wa kwetu wa IGP mmoja na jeshi moja. Huku kuna vyombo vya polisi kama 18,000, kila mji na chifu wake, kaunti ina sherifu ambaye mara nyingi anapigiwa kura kabisa kama diwani, na mishahara inatoka hasa kwenye kodi za hapohapo, ile ya majengo ikiwemo. Rais hawezi kumpigia sherifu wa Montana akamwambia fanya hivi. Na hii sio maneno tu, mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilishaamua kwenye kesi ya Printz, ambaye alikuwa sherifu hukohuko Montana, kwamba serikali kuu haiwezi kuwalazimisha maafisa wa chini waifanyie kazi zake. Sasa kama huwezi kuamrisha unafanyaje? Unatoa hela, halafu unaweka masharti kwenye hela. Ndo mfumo mzima huo, mengine yote ni maelezo.

Hela zenyewe ziko za aina mbili na watu wanazichanganya sana. Kuna za polisi wa kawaida, kama ule mpango wa COPS uliotokana na sheria ya 1994 wakati wa Clinton, lengo lilikuwa kuongeza askari 100,000 mitaani. Serikali kuu inachangia sehemu ya mshahara kwa miaka 3, baada ya hapo mji unatakiwa umbakize yule askari kwa hela yake wenyewe angalau mwaka mmoja. Halafu kuna za maandalizi ya ugaidi. Hizi zilianza kidogokidogo baada ya bomu la Oklahoma City 1995 lililoua watu 168, miji ikaanza kupewa mafunzo, ila mvua yenyewe ilinyesha baada ya Septemba 11, 2001. Siku ile zimamoto 343 walikufa New York, na moja ya mambo yaliyouma sana ni kwamba polisi walikuwa na redio zao na zimamoto zao na hazikuongea, helikopta ya polisi inaona juu hali ya jengo, watu wa zimamoto walioko ndani hawapati taarifa. Ndo maana mpaka leo ukifungua faili la ruzuku lolote utakuta redio, redio, redio.

2003 wizara mpya ya usalama wa ndani ikaanza kazi na hela zikaanza kumwagika, na hapo ndo siasa ikaingia. Sheria ya 2001 ilisema kila jimbo lazima lipate angalau asilimia 0.75 ya fungu, hata kama ni jimbo la ng'ombe na theluji. Matokeo yake Wyoming, jimbo lenye watu kama nusu milioni, ilikuwa inapata karibu dola 38 kwa kila mkazi wakati New York, iliyopigwa, inapata dola 5 na ushee. Ukiuliza kwa nini jibu ni rahisi tu, kila jimbo lina maseneta wawili, dogo au kubwa, na hakuna seneta anayekubali kurudi kwao mikono mitupu. Wabunge wetu na kasungura kao ka bajeti wangejisikia nyumbani kabisa pale.

Kulikuwa na fungu la pili, UASI (ni kifupi cha Kiingereza, sio uasi wetu), la miji mikubwa iliyo kwenye hatari zaidi, na hilo lilitakiwa lifuate hatari na sio kura. Sasa hatari unaipimaje? 2006 New York ikakatwa kutoka kama dola milioni 207 mpaka milioni 124, na kwenye ile karatasi ya tathmini sehemu ya alama na minara ya taifa wameandikiwa sifuri. Sifuri! Mji wenye Sanamu ya Uhuru. Wizara ikajitetea kwamba vile vitu vilihesabiwa kwenye makundi mengine, na kwa sisi watu wa fomu kweli hilo linawezekana kabisa, ila nenda kamweleze mtu wa Brooklyn. Mwaka huohuo mkaguzi mkuu wa wizara akatoa ripoti kuhusu orodha ya taifa ya vitu vya kulindwa, jumla 77,069, na jimbo lililoongoza kwa wingi sio New York wala California, ni Indiana yenye 8,591. Ndani ya orodha kulikuwa na bustani ya watoto ya kushikashika wanyama kule Alabama, kiwanda cha bisi, na maandamano ya nyumbu Tennessee, yaani nyumbu wanyama, wale wa punda na farasi. Watu walicheka sana ila mimi naielewa ilivyotokea, majimbo yaliambiwa leteni orodha bila kuelezwa vizuri kipi kinahesabika, kila mtu akaleta alichonacho. Mwaka 2007 Kongresi ikarekebisha sheria, kile kima cha chini kikapunguzwa, sasa ni asilimia 0.35, na uzito wa hatari ukaongezwa. Pia jimbo linatakiwa lishushe angalau asilimia 80 ya hela kwa serikali za chini ndani ya siku 45, lisikalie.

Lakini hela inaposhuka haishuki kama hela, na hapa ndo wengi wanapigwa na butwaa. Ni fidia. Unanunua kwanza kwa hela yako, kisha unadai. Chukua redio moja tu ya mkononi ya askari: lazima iwe kwenye orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa na ina namba yake kule, lazima niwe na karatasi za ushindani wa bei, invoisi, ushahidi kwamba hundi ilishapita benki, na kama thamani yake imefika kiwango cha kuitwa kifaa basi na namba ya mashine, mahali ilipo, hali yake, na angalau kila miaka 2 mtu aende akaiangalie kwa macho. Namba ya mashine kwenye invoisi ikitofautiana herufi moja na ile ya mgongoni mwa redio, faili linarudi. Na huruhusiwi kutumia ruzuku kulipia kitu ambacho tayari kilikuwa kwenye bajeti yako, lazima iwe nyongeza. Kwa mji mdogo wenye mhasibu mmoja hii ni mateso, kuna wanaoamua bora kutoomba kabisa.

Kwa utaratibu huu vitu vinapendwa kuliko mafunzo, manake kitu kina invoisi na kinapigwa picha. Ndo hapo unapata Keene, New Hampshire, mji wa watu kama elfu 23, unaomba gari la deraya la karibu dola 286,000 na kwenye maombi wametaja tamasha la maboga. Desemba 2012 seneta Tom Coburn alitoa ripoti kali sana juu ya UASI, akataja hilo, akataja mashine za kusaga barafu Michigan, na mkutano wa San Diego ulioonyesha igizo la mazombi huku washiriki wakiruhusiwa kulipiwa ada na ruzuku. Nilikubaliana naye karibu yote.

Miezi minne baadaye, Aprili 15, 2013, mabomu yakalipuka kwenye marathoni ya Boston. Watu 3 walikufa palepale, majeruhi zaidi ya 260, na waliofikishwa hospitali wakiwa hai wote walipona. Boston ilikuwa imefanya mazoezi makubwa 2011 na 2012 kwa hela hizohizo za UASI, polisi na zimamoto na hospitali pamoja, wanajuana sura na nani anapeleka majeruhi wapi ili hospitali moja isizidiwe. Kamishna wa polisi Ed Davis alienda Kongresi mwezi uliofuata akasema wazi zile hela zilisaidia. Ila siku nne baadae kule Watertown, mji wa jirani, kwenye msako wa waliotega mabomu, askari kutoka kila kona walijipeleka wenyewe bila kuitwa, risasi zikarushwa ovyo, na askari mmoja alijeruhiwa na risasi inayoaminika ilitoka kwa wenzake. Kwa hiyo mimi siku hizi ombi la mazoezi likiletwa mezani kwangu na ombi la gari, nalipigania la mazoezi, japo karatasi zake ni ngumu zaidi kwa sababu unadai masaa ya watu, na masaa hayana namba ya mgongoni.

Haya, sasa msikiti na kanisa. Kuna ruzuku yao kabisa, ilianza 2005 kwa miji mikubwa, 2018 ikafunguliwa na kwa maeneo ya nje ya hiyo miji. Unaomba kupitia ofisi ya jimbo, sio moja kwa moja FEMA, yaani shirika la maafa la serikali kuu linaloisimamia. Nyumba ya ibada haihitaji barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya huku, sheria inaihesabu tayari kuwa haitozwi kodi. Unahitaji namba ya UEI, ile ya kuitambulisha taasisi yenu serikali kuu, ambayo ni bure, na akija mtu anakwambia ulipe dola mia kadhaa akutolee huyo ni tapeli. Unahitaji tathmini ya udhaifu wa jengo, na hapa waswahili tunakosea kwa kuandika "tunaogopa", andika mlango wa nyuma hauna komeo la ndani, taa za parkingi zimekufa, kila Ijumaa watu mia mbili wanatokea mlango mmoja, na kama mmepokea barua ya vitisho mkaripoti polisi weka na namba ya ripoti. Na tafadhali msifunge kamera hata moja kabla ya barua ya mapitio ya mazingira kutoka, yaani hata kutoboa ukuta kwa ajili ya skrubu, kwa sababu ukitoboa kwanza hiyo hela hairudi, na mafundi wetu mnawajua, ukimpa advansi leo kesho asubuhi yuko juu ya ngazi.