Je, wajua kwa nini bia nyeusi tamu hupoteza utamu ikiwa baridi sana?

Ukikaa kwenye baa yoyote ya Mwanza, iwe Kirumba, Igoma au kule chini karibu na maji, ukishataja bia yako mhudumu atakurudishia swali: "Ya moto au ya baridi?" Mgeni akilisikia mara ya kwanza hudhani huku tunachemsha bia. Ya moto ni ile iliyotoka moja kwa moja kwenye kreti, haijaonja friji. Wapo wazee wa Kanda ya Ziwa ambao hawagusi nyingine. Wanasema ya baridi inaharibu kifua. Mimi siku zote nilikuwa mtu wa baridi, tena ile inayotoka jasho shingoni, na wazee hao nilikuwa nawacheka. Siku hizi nimepunguza.

Kilichonipunguza ni chupa tatu. Shemeji yangu alirudi kutoka Uingereza mwezi Desemba na stauti tamu, ile bia nyeusi inayotengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi, kila chupa ameivisha soksi ya sufi isivunjike kwenye begi. Kwenye lebo kuna nyumba iliyofunikwa na theluji. Huku kwetu ni vuli, mvua imekatika saa hiyohiyo, jua limerudi na mawe ya Mwanza yanafuka mvuke. Ya kwanza tukaitupa kwenye friza kama tunavyofanya kwa kila kitu. Tulipoifungua tulipata kitu cheusi, chenye gesi inayokwaruza na uchungu wa kahawa iliyosahaulika jikoni.

"Shem, hii ndiyo uliyovuka nayo bahari?"

Hakujibu. Ya pili aliitoa kwenye friji akaiweka mezani, simu ikaita, maongezi yakawa marefu. Aliporudi zikiwa zimepita dakika ishirini na ushee, tukaimimina bila matumaini. Ilikuwa bia nyingine kabisa. Chokoleti, maziwa, sukari guru, na mbali kidogo ule ukoko wa chini ya sufuria ya ugali. Chupa zilitoka boksi moja na kiwanda kimoja. Kilichobadilika ni nyuzijoto tu.

Sababu ya kwanza iko ulimini. Kwenye chembe zinazotambua utamu kuna kijilango cha protini ambacho wataalamu wanakiita TRPM5. Kitu kitamu kikigusa chembe hizo, kijilango hufunguka na taarifa inaanza safari ya kwenda kwenye ubongo. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba kijilango hiki kinaongozwa sana na joto: kati ya nyuzijoto 15 na 35, kadiri kinywa kinavyopata joto ndivyo kinavyofanya kazi kwa nguvu na utamu unavyosikika. Kwenye ubaridi wa friji kinasinzia. Huhitaji maabara kulithibitisha hili. Soda ya baridi unaimaliza bila kufikiri. Soda hiyohiyo ikilala kwenye gari juani, ukiinywa inakukaba kwa sukari. Sukari haikuongezeka hata chembe.

Sababu ya pili ni pua. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu, na harufu haipandi bila joto. Ndiyo maana mwenye mafua anakula sato na kuona kama anatafuna pamba. Ya tatu ni gesi: kinywaji baridi hushika kaboni dayoksaidi nyingi zaidi, na gesi hiyo ikifika mdomoni huleta uchachu na mchomo. Kwenye bia nyepesi ya kukata kiu mchomo huo ndio raha yenyewe. Kwenye stauti tamu unaziba kila kitu.

Sasa utamu wenyewe unatoka wapi? Maana hamira kazi yake ni kula sukari. Kimea, yaani shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, hutoa sukari. Hamira huila, ikatupa pombe na gesi. Ukiiachia nafasi, bia inabaki kavu. Watengenezaji wa Uingereza, kiwanda cha Mackeson kule Hythe, Kent, kikiwa mbele mwanzoni mwa karne ya 20, walitumia ujanja wa kuongeza laktosi, sukari ya maziwa. Hamira ya bia haina kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo inabaki palepale hadi kwenye glasi yako. Laktosi si tamu kama sukari ya chai, haifiki hata nusu yake, lakini inaipa bia uzito: unahisi kama imevaa koti. Si kila stauti tamu ina laktosi. Nyingine huachiwa tu sukari za kimea ambazo hamira haiziwezi. Soma lebo, hasa kama maziwa mabichi hukusumbua tumboni, maana laktosi ya bia haina huruma zaidi ya ile ya kwenye kikombe.

Zamani bia hizi ziliitwa kabisa "stauti ya maziwa" na kuuzwa kama lishe, hata kwa wanawake waliojifungua. Mwaka 1946 Uingereza iliwataka watengenezaji waliondoe neno maziwa kwenye lebo, kwa sababu maziwa hayakuwamo. Na sisi tuna ya kwetu: bia nyeusi inaongeza damu. Haiongezi. Weusi huo si chuma, ni nafaka iliyokaangwa, na mama anayenyonyesha hana faida yoyote anayoipata humo.

Ukaangaji huo una tarehe yake. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipewa hataza ya kikaangio cha pipa linalozunguka, kinachofanana na vile vya kahawa, kilichoweza kukaanga kimea kwa zaidi ya nyuzijoto 200 bila kukigeuza mkaa. Kuanzia hapo kiasi kidogo tu cha kimea cheusi kilitosha kuifanya bia nzima iwe nyeusi. Anayejua buni ya Bukoba inavyobadilika kwenye kikaango, kutoka kijani hadi hudhurungi hadi kung'aa mafuta, ameshajua nusu ya kazi ya mtengeneza stauti.

Na kwa nini majira ya baridi? Ulaya ya kaskazini Desemba mtu anataka kitu kizito cha kukaa nacho karibu na moto, hanywi kukata kiu. Bia za msimu huo huwekwa kimea kingi, nyingine hupandishwa pombe sana. Stauti kali ambazo London ilikuwa ikizisafirisha hadi kwa watawala wa Urusi karne ya 18 ni ukoo mmoja na hizi, na jamaa zake wa leo hufika asilimia 8 hadi 12. Stauti tamu ya kawaida iko chini zaidi, kati ya 4 na 6. Ule moto unaousikia kifuani ni wa ngozi tu: pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, unajisikia umepata joto wakati mwili unalipoteza. Cha muhimu kwetu ni kwamba bia hizi zilizaliwa kwenye stoo za chini ya nyumba, kwenye nyuzijoto 11 hadi 13 hivi. Friza haikuwepo kwenye hesabu.

Mwanza, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,130 kando ya ziwa, stoo ya namna hiyo hakuna. Friji iko kama nyuzijoto 4, kreti iko 25 au zaidi, na tunachokitaka kiko katikati. Ukiwa na chupa moja, itoe kwenye friji uiache mezani robo saa hadi dakika 20. Ukiwa na tatu na haraka, hesabu ni nyepesi: mbili za friji na moja ya kreti, ukizichanganya kwenye jagi, zinaangukia nyuzijoto 11. Nimejaribu kwa stauti ya dukani, inafanya kazi, ila povu linapanda kama maziwa jikoni, mimina taratibu.

Chupa ya tatu ya shemeji tuliiamua kuihukumu kwa haki. Majaji wa bia wana utaratibu wao. Unaotumika sana ni wa BJCP, chama cha majaji wa bia cha Marekani kilichoanza mwaka 1985, nao una alama 50. Harufu ina 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na maoni ya jumla kuhusu bia nzima 10. Angalia hiyo 3. Sisi baa tunaihukumu bia nyeusi kwa weusi wake, na weusi haununui hata sehemu ya kumi ya alama. Kwanza mara nyingi si nyeusi. Niliwasha tochi ya simu nyuma ya glasi, na ukingoni ikawa nyekundu iliyokolea, kama juisi ya rozela iliyokaa usiku kucha.

Harufu uiwahi mara tu baada ya kumimina, kabla hujaonja, kwa sababu nyingine hukimbia mapema. Vuta kidogo kidogo, mara mbili tatu, kisha pumzisha pua. Hapa watu hukwama kwa sababu wanatafuta maneno ya kwenye vitabu vya Wazungu. Mimi natumia ya jikoni: ukoko, karanga za kukaanga, kahawa ya kijiweni, kashata, sukari guru, mkate uliobabuka. Haya yanatosha stauti nzima.

Ukija kwenye ladha, meza. Mwonja divai hutema, lakini jaji wa bia humeza kidogo, kisha anatoa pumzi puani mdomo ukiwa umefungwa. Harufu hupanda kwa njia ya nyuma ya koo, na ndipo unapojua kama utamu ule una kitu cha kuubeba. Hilo ndilo swali lenyewe la stauti tamu. Utamu peke yake ni sharubati. Unataka uje, ukoko uukatize, halafu uchungu mdogo wa hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, ufagie ulimi ili utamani funda la pili.

Kasoro nazo zina harufu zake. Mahindi ya kuchemsha, hapo kuna tatizo kwenye uchemshaji. Siagi iliyoyeyuka, hamira haikumaliza kazi. Boksi lililolowa, bia imezeeka au imekaa kwenye joto, na hii ndiyo ya kuogopa kwa chupa iliyosafiri. Harufu ya kicheche, mwanga umepiga hopsi. Ndiyo maana chupa nyingi za bia ni za kahawia.

Shemeji alikosea kitu kimoja: alikuwa amemaliza sato wa kukaanga, akashika glasi na kunywa kwa midomo ileile inayong'aa. Povu lake, lililokuwa nene lenye rangi ya chai ya maziwa, likafa ndani ya dakika moja. Mafuta huvunja kuta za viputo. Langu lilikuwa bado linaacha duara kwenye glasi kila nikinywa, na yeye akaanza kudai nimempunja chupa.

Nikaipa 36: harufu 9, mwonekano 3, ladha 14, mdomoni 4, maoni ya jumla 6. Nilikata kwenye ladha kwa sababu kulikuwa na boksi kidogo mwishoni, safari hiyo. Yeye akaipa 44, na alama za mwonekano akaziweka 3 kamili wakati povu lake liko makaburini.

"Shem, wewe unahukumu bia au unahukumu nauli?"

"Vyote."

Kwenye glasi yangu nilibakiza kama kidole kimoja, nikakionja saa nzima baadaye kikiwa kimefikia joto la chumba. Kahawa ilikuwa imeondoka, gesi imeondoka, imebaki sukari guru inayoganda kwenye meno na pombe inayopanda puani. Nikaandika pembeni ya karatasi ya alama: ya moto, hapana. Wazee hawajaambiwa.