Bangili iko kushoto, mkono unakwenda kulia

Mkalishe mtoto wa miezi 9 mkekani, mbele yake vitambaa viwili. Ficha bangili chini ya kitambaa cha kulia: anakivuta, anaipata. Rudia palepale mara tatu nne. Kisha, naye anakutazama, ifiche chini ya cha kushoto. Mkono unakwenda kulia. Anakuta patupu, na mara nyingi hata hajaribu upande wa pili.

Aliyelieleza kosa hili ni Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, na sijui jaribio la nyumbani linaloonesha mengi kiasi hiki kwa vipande viwili vya kanga kuukuu. Lakini lina masharti yake.

Umri ni miezi 8 hadi 12. Mtoto njiti mhesabie tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Awe amelala na kushiba. Hapo mkekani apakatwe na mama au bibi yake, ambaye atazame mbele tu, maana mtoto husoma mwili wa aliyempakata. Vitambaa viachane kama sentimita 30, vyote viwe vya ukubwa mmoja na sura moja. Ukikata kanga, kata vyote kwenye mji au vyote kwenye pindo; kimoja kikiwa na ua kubwa na kingine hakina, umempa alama ya kukumbukia. Vifuu sivipendi kwa kazi hii, kwa sababu kukigeuza kifuu ni shida nyingine kwa mkono wa miezi 8. Komwe za bao ndiyo usizilete kabisa: zinaingia kooni.

Kabla ya kuanza, mwachie vitambaa avichezee mpaka vimchoshe. Asipochoshwa navyo, atavuta kitambaa kwa ajili ya kitambaa, nawe utadhani anatafuta bangili.

Wengi hukwama kwenye kusubiri. Ukimwachia mikono papo hapo baada ya kuficha, hupatia. Kwa hiyo aliyempakata azuie mikono kwa upole, wewe mwite macho yatoke kwenye vitambaa, hesabu mbili tatu, na zaidi kwa mtoto mkubwa, ndipo umwachie. Mtafiti Adele Diamond alipima muda huu katika miaka ya 1980. Mtoto wa miezi 7 na nusu hukosea hata kwa kusubiri chini ya sekunde 2, ilhali wa miezi 12 huhitaji kama sekunde 10 ndipo akosee. Uwezo huongezeka kwa takriban sekunde 2 kila mwezi, sambamba na kukomaa kwa sehemu ya mbele ya ubongo, inayoshika jambo akilini na kuzuia mkono usifuate mazoea.

Piaget aliamini mtoto wa umri huu bado hajaelewa kwamba kitu kipo chenyewe, mbali na tendo lake la kukifunua. Hapo simfuati. Mwaka 1987 mtafiti Renée Baillargeon alionesha kuwa watoto wa miezi 3 na nusu hadi 4 na nusu hukodoa macho zaidi pale ubao unapoonekana kupita mahali penye sanduku lililofichwa, ishara kwamba walitarajia sanduku bado lipo. Na katika jaribio letu la vitambaa, mchunge macho: mara nyingine yanatazama kushoto, palipo na bangili, huku mkono unafunua kulia. Anajua, kinachomshinda ni kuutumia ujuzi huo mbele ya mkono uliokwisha kuzoea.

Mwili nao una neno. Watafiti Linda Smith, Esther Thelen na wenzao, mwaka 1999, waliwasimamisha watoto waliokuwa wameketi, kabla tu ya kuficha upande mpya. Kosa likapungua sana. Mkao ulipobadilika, mazoea ya mkono yalikatika. Na mwaka 2008 József Topál na wenzake walionesha kwamba mfichaji asipomtazama mtoto wala kumsemesha, mtoto wa miezi 10 hukosea kwa uchache. Kwa maoni yao, maneno yetu ya "tazama, mwanangu, tazama!" humfanya adhani anafundishwa kuwa bangili hukaa kulia.

Hapo ndipo ninapogombana na neno "mbishi" wanaloitwa watoto wa umri huu. Mtoto wa miezi 10 aliyezoea kutambaa hadi pembe ya jiko la makaa ataendelea kwenda pembe ile hata baada ya kuona jiko likihamishwa, na ukimgombeza mara tano atakwenda ya sita. Mnyanyue, mgeuze, mpe kitu mkononi; tena pembe aliyoizoea usiiwekee birika la moto kwa kudhani amekwisha kuisahau.

Kukosea huku si dalili ya kasoro, wala kupatia si dalili ya kipaji. La kumpeleka kliniki ya mama na mtoto ni jingine: amefika miezi 9 haketi bila kushikwa wala hageuki akiitwa jina, au amepoteza alichokuwa akikiweza.

Akipita mwaka, vitambaa viwili havimbabaishi tena. Mngoje mpaka karibu miezi 18, kisha ifumbate bangili ndogo kwenye ngumi, ingiza ngumi chini ya kitambaa, iache huko, toa ngumi tupu. Wa mwaka mmoja atakufungua vidole na kukata tamaa. Wa miezi 18 ataitazama ngumi, kisha ataufuata mkono wako ulikopita.