Amethisto: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayenunua amethisto, lile jiwe la rangi ya zambarau, kwa mara ya kwanza hupewa na maelekezo juu yake: iweke juani ijichaji, iloweke kwenye maji ya chumvi, itumbukize kwenye maji ya kunywa, ilaze chini ya mto. Mawili ya mwanzo yanaweza kuliharibu jiwe. La tatu ni hatari ukilifanya kwa jiwe jingine. La nne halina neno, ila utaamka shingo inauma.

"Amethisto hutoa mitetemo inayoponya"

Dai hili lina punje ya ukweli iliyovutwa ikapita kiasi. Amethisto ni aina ya kwatzi, yaani silikoni na oksijeni zilizojipanga kwa utaratibu ule ule kutoka upande mmoja wa fuwele hadi mwingine. Kwatzi ikikandamizwa huzalisha chaji ndogo ya umeme kwenye nyuso zake. Jacques na Pierre Curie, ndugu wawili Wafaransa, walilionyesha hilo mwaka 1880. Kinyume chake pia ni kweli: ipitishie umeme, nayo itatetema. Ndivyo saa ya mkononi inavyohesabu muda, kwa kijipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kila sekunde. Lakini kinatetema kwa sababu kuna betri. Betri ikiisha, saa inasimama. Jiwe lililotulia mezani halina betri wala waya, na halimrushii mtu chochote.

Mbona basi watu huhisi joto kiganjani, au mwili kutulia? Kwa sababu wanahisi kweli. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Christopher French wa Chuo cha Goldsmiths, London, alieleza matokeo ya jaribio la watu 80. Wengine walishika fuwele halisi, wengine za bandia, na hawakuambiwa nani kashika ipi. Walioshika bandia walihisi yale yale. Waliokuwa wameelezwa mapema wategemee nini ndio walioyahisi zaidi.

Kwa hiyo kinachofanya kazi ni matarajio, na matarajio si kitu cha kubeza: hupunguza wasiwasi, hulegeza misuli, hufanya maumivu yavumilike. Hayashushi sukari ya damu, hayaui vijidudu, hayayeyushi uvimbe. Amethisto husifiwa sana kwa maumivu ya kichwa, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko pote. Kichwa kilichokukamata ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au kinachokuja pamoja na mdomo kupinda, mkono mmoja kulegea au ulimi kuwa mzito, ni cha kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo. Jiwe litasubiri nyumbani.

"Maana yake ya kiroho ni moja, tangu enzi za kale"

Maana zake ni nyingi na hazikuanza pamoja. Wagiriki wa kale waliamini inamkinga mnywaji na ulevi. Kwenye Biblia imo katika kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu, safu ya tatu (Kutoka 28:19), na ndiyo msingi wa kumi na mbili wa Yerusalemu mpya (Ufunuo 21:20). Maaskofu wameivaa kwenye pete zao kwa karne nyingi kama ishara ya kiasi na utumishi. Wabuddha wa Tibet huitumia kwenye shanga za sala. Kila mmoja ameisomea maana yake kwa kitabu chake.

Kisa kinachopendwa mno, cha msichana aliyegeuzwa jiwe jeupe, kisha mungu wa divai akammwagia mvinyo hadi akawa zambarau, hakitoki kwa Wagiriki. Ni utungo wa mshairi Mfaransa Rémy Belleau, wa mwaka 1576. Na kuitambua kama jiwe la waliozaliwa Februari, katika orodha inayofuatwa leo, kulipitishwa na chama cha masonara wa Marekani mwaka 1912. Ule mpangilio wa chakra saba (vituo vya nguvu mwilini, kwa mapokeo ya Kihindi) kwa rangi za upinde wa mvua, unaoiweka amethisto utosini au katikati ya paji la uso, nao ni wa karne ya 20, ingawa elimu ya chakra yenyewe ni kongwe.

Hakuna ubaya kuchagua maana inayokufaa. Ubaya ni kuuziwa maana kwa bei ya "siri ya miaka elfu tano".

"Iweke juani ipate nguvu"

Hili ni kosa linaloharibu amethisto nyingi.

Rangi ya zambarau inatokana na vitu viwili: chembe kidogo sana za chuma zilizonaswa ndani ya kwatzi, na mnururisho wa asili kutoka kwenye miamba iliyoizunguka kwa muda mrefu mno. Mnururisho huo hubadilisha hali ya chuma, na chuma kilichobadilika hunyonya sehemu ya mwanga; kinachobaki macho yetu hukiona zambarau. Hali hiyo inaweza kurudishwa nyuma. Mwanga mkali wa jua, ukipiga jiwe siku baada ya siku, huififisha rangi taratibu. Aliyeiacha dirishani mara nyingi hugundua akiigeuza tu: upande ulioelekea kioo umekuwa wa kijivu, wa nyuma bado umekolea. Ikishapauka, hakuna jua, mwezi wala dua ya kuirudishia rangi.

Joto kali hufanya kazi hiyo haraka zaidi. Ikipashwa kwenye tanuri hadi nyuzi 400 au 500 za Selsiasi, amethisto nyingi hugeuka njano, rangi ya chungwa au kahawia. Sitrini (kwatzi ya njano) nyingi iliyopo sokoni ilizaliwa hivyo. Ukiona kichaka cha "sitrini" chenye ncha za rangi ya chungwa iliyoungua na shina jeupe kama chokaa, hiyo ni amethisto iliyopita tanurini. Haina kasoro kama jiwe, lakini asikutoze bei ya sitrini ya asili, ambayo ni adimu na huwa na njano hafifu iliyoenea sawasawa.

Anayetaka kuiweka nje aiweke usiku na kuiingiza kabla ya mapambazuko. Mwanga wa mwezi haufanyi lolote, na hilo ndilo tunalolitaka.

Tukiwa bado kwenye jua: mpira wa fuwele unaopitisha mwanga hukusanya miale sehemu moja kama lenzi. Ukikaa dirishani juu ya kitambaa au karatasi unaweza kuwasha moto. Ufunike, au uuhamishe.

"Chumvi huitakasa"

Amethisto yenyewe haiyeyuki kwenye maji ya chumvi. Shida iko kwingine. Maji ya chumvi huingia kwenye nyufa ndogo zisizoonekana. Maji yakikauka, chumvi hujijenga upya humo ndani na kuacha utando mweupe, na ikirudiwa mara nyingi huzitanua. Fedha ya pete huchakaa na kuwa nyeusi. Uzi wa shanga huoza. Gundi iliyoshikilia kipande kwenye kitako huachia.

Kuisafisha vizuri hakuhitaji makubwa:

1. Lita moja ya maji vuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila kujiuliza. Ya moto hapana: mabadiliko ya ghafla ya joto hupasua jiwe lenye ufa.
2. Matone mawili au matatu ya sabuni ya maji ya vyombo. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo wala ya kusafishia choo.
3. Sugua kwa mswaki laini wa mtoto, ukifuata mfereji wa kila ncha kutoka chini kwenda juu. Vumbi hujificha shinani.
4. Suuza kwa maji safi yenye joto lile lile, futa kwa kitambaa cha pamba, kisha acha ikauke kivulini.

Kipande chenye mgongo uliopakwa rangi au saruji kisilowekwe. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu. Anayetaka tendo la kutakasa kiroho ana njia zisizodhuru: moshi wa ubani kwa dakika moja mbili, au sala yake. Tendo hilo humtayarisha mtu. Jiwe halibebi uchafu wa kiroho unaopimika, na halihitaji ratiba.

"Maji yaliyolowekwa jiwe ni dawa"

Amethisto safi haiachii kitu cha maana kwenye maji baridi, kwa hiyo maji hayo ni maji tu. Hatari ni mazoea. Aliyezoea kuloweka amethisto kesho ataloweka malakiti, ambayo ina shaba na huathirika na kimiminika chenye uchachu kama maji ya limau. Galena ina risasi. Sinabari ina zebaki. Seleniti ni jasi, na jasi huyeyuka polepole, kwa hiyo ukiilaza majini utaikuta imepoteza mng'ao. Hata kwatzi ya dukani huenda ilipakwa mafuta, nta au rangi ili ing'ae.

Anayependa ibada hii aweke maji kwenye chupa iliyofungwa, na jiwe likae nje kando yake.

"Zambarau iliyokolea ndiyo halisi"

Rangi pekee haisemi kitu. Amethisto ya Rio Grande do Sul, Brazili, kwa kawaida ni hafifu na hutoka ndani ya mawe makubwa yenye uwazi katikati. Ya Artigas, Uruguay, hukolea zaidi na fuwele zake ni ndogo. Zambia nayo inajulikana kwa rangi nzito. Zote ni halisi. Tena si mali ya kifalme kama inavyodaiwa: iliwahi kupangwa na rubi na yakuti, lakini akiba kubwa za Amerika Kusini zilipofunguliwa karne ya 19, bei ilianguka na haikurudi.

Vipimo vya nyumbani, kwa mpangilio wa faida yake:

Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Viputo vya mviringo ndani yake ni alama ya kioo. Kwenye amethisto ya asili utaona rangi imekaa kwa mikanda iliyonyooka inayokutana kwa pembe, mahali pengine zambarau, mahali pengine karibu nyeupe. Rangi iliyojikusanya kwenye nyufa kama wino ni ya kupaka. Pitisha pamba yenye asetoni (ya kutolea rangi ya kucha), ikitoka na zambarau umepata jibu. Usifanye hivyo kwenye pete au kipande chenye gundi.

Gusisha jiwe kwenye shavu, kisha gusisha kipande cha kioo kilichokaa chumba hicho hicho. Kwatzi hupitisha joto vizuri kuliko kioo, kwa hiyo huhisi baridi zaidi na huchelewa kupata joto la mwili.

Kama ni mpira, uweke juu ya mstari mwembamba wa kalamu na uuzungushe taratibu huku ukitazama kutoka juu. Kwenye kwatzi kuna mkao ambapo mstari mmoja unakuwa miwili. Kwenye kioo unabaki mmoja.

Kipimo cha kukwaruza kioo tunakikataa. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, cha 1 hadi 10, na hukwaruza kioo kweli, lakini bandia nyingine nazo hukwaruza, na wewe utakuwa umeumega ukingo wa jiwe lako.

Vipimo vyote hivyo vinashindwa mbele ya amethisto iliyooteshwa maabara, maana hiyo ni kwatzi tupu, yenye rangi ya chuma kile kile. Kuitofautisha ni kazi ya wataalamu wenye vifaa. Jiwe lililokatwa kwa vito, limekolea, halina hata doa moja na ni rahisi mno, lishuku.

"Chini ya mto, na likiwa kubwa ndiyo bora"

Ukubwa hauongezi kitu ila uzito. Kwa matumizi ya kila siku, jiwe lililosuguliwa la sentimita mbili hadi tatu linatosha: linaingia kiganjani, halina ncha. Liweke mezani kando ya kitanda. Ukishalishika, weka simu mbali. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, kwa dakika tano, kidole gumba kikilisugua jiwe taratibu. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hutuliza mapigo ya moyo, na kitu cha kushika huzuia mawazo yasitangetange. Kosa la wengi ni kuliacha jiwe likae pale bila kulitumia, wakisubiri lifanye kazi lenyewe. Anayesali kwa tasbihi ya amethisto ana faida hiyo hiyo tayari, punje kwa punje.

Watoto wadogo wasiachiwe. Kipande cha ukubwa huo huziba koo.

"Likivunjika, limenyonya balaa"

Limeanguka. Ugumu wa 7 unamaanisha halikwaruziki kirahisi, haumaanishi halivunjiki. Kwatzi haina njia maalumu ya kupasukia, kwa hiyo humeguka kwa mikunjo kama ganda la kome, na ukingo wake hukata kama kioo. Okota vipande kwa kitambaa kizito. Ukitaka kuulainisha ukingo, tumia msasa usioharibiwa na maji, namba 400 kisha 800, jiwe na msasa vyote vikiwa vimelowa muda wote. Usisugue pakavu: vumbi la kwatzi likivutwa huumiza mapafu na halitoki. Tope linalobaki lifute kwa karatasi yenye maji kabla halijakauka, uitupe.